Naomba ushauri: trela inayumba nikiivuta na Hilux

Wakuu habari zenu, nina Hilux dabo kabini ya dizeli, natoa matoke Mbarara napeleka Kampala, mwezi uliopita nikanunua trela ya mtumba ya tairi mbili maana nimechoka kukodi lori. Ikiwa tupu iko sawa kabisa ila nikipakia mikungu, nikigonga 80 kwenye mteremko inaanza kucheza kushoto kulia mpaka inavuta mkia wa gari, juzi kabla ya Lyantonde basi limenipita kwa kasi nikajua leo nimekwisha.

Fundi mmoja anasema nimepakia nyuma sana, mzigo mwingi ukae mbele ya ekseli ili kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikalie ndoano ya gari. Mwingine anasema niongeze springi tu (na springi anauza yeye mwenyewe, haya!). Halafu trela haina breki zake.

Mnaovuta kila siku, breki inaweza kufungwa kwa trela kuukuu, na mnalipa ngapi? Na ikianza kuyumba mimi hukanyaga breki, eti ndio naharibu zaidi, niachie mafuta tu nishike usukani?