Mitaa ya zamani Guangzhou: imehifadhiwa au watu wametolewa kijanja?

Mleta mada: Wakuu, wafuata mzigo wengi wa Kariakoo wanaishia mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli kule Guangzhou, China, halafu wakirudi wanasema Guangzhou ni maghorofa tu. Kumbe magharibi ya jiji kuna mitaa ya zamani inaitwa Xiguan, uswahilini kwa matajiri wa zamani hahaha. Kuanzia 1757 mpaka 1842 Wazungu walikuwa wanaruhusiwa kufanya biashara na China kupitia bandari ya Guangzhou tu, chai, hariri, vyombo vya kaure, na hela ile ndo ilijenga nyumba za matofali ya kijivu zenye geti la miti iliyolazwa, unafunga mwizi haingii ila upepo unapita. Hapohapo Xiguan, Barabara ya Enning, ghorofa za juu zimetokeza zimefunika njia ya miguu, mvua ikinyesha unatembea mkavu.

Sasa ikaja bomoabomoa, wakazi wakapinga sana, baadae 2016 kipande cha hapo Enning kinaitwa Yongqing Fang kikakarabatiwa na kampuni ya majengo ya Vanke. Leo ni kahawa, maduka ya zawadi na watu kupiga picha kwenye nyumba ya babake Bruce Lee aliyekuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni. Mimi nasema kuta zimebaki, mtaa umekufa. Waliokuwa wanaishi pale wako wapi?

Jibu: Mkuu unaongea kitalii. Nyumba nyingi za hivyo zilishakatwa vyumba, familia kibao jiko moja, choo mpaka utoke nje ukatumie cha umma. Ungekaa wewe? Mtu akipewa fidia akahamia kwenye lifti na bafu lake unamlilia nini?

Mleta mada: Choo sawa, ila kuvuta bomba la maji taka hakulazimu kumhamisha bibi wa watu. Na sio mimi tu, Agosti 2021 wizara ya nyumba ya China yenyewe ilitoa agizo kwamba kwenye kufufua miji isibomolewe zaidi ya asilimia 20 ya majengo yaliyopo, na angalau nusu ya wakazi wapewe makazi palepale au jirani. Kama wote walikuwa wanaondoka wanacheka agizo la nini?

Mwingine: Nyie mnabishania wenye nyumba, mpangaji je? Yeye fidia hapati hiyo ya kueleweka na kodi ikipanda baada ya ukarabati ndo anaondoka kimyakimya. Bora hata Xiguan, mtaa wa kale wa Qianmen kule Beijing walivunja wakajenga upya kwa staili ya zamani wakafungua 2008 kabla ya Olimpiki, na tramu ya kuzungusha wageni juu. Hapo mtasema kimehifadhiwa nini?