Watoto wangu wawili wakubwa hawana kumbukumbu yoyote ya utoto wao, nianzie wapi?

Mama_wa_Watatu
Wapendwa, naomba mawazo. Nyumba yetu ya Buhene, nje kidogo ya Goma, ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021. Tulitoka na watoto, simu moja na sufuria. Kadi za CPS (kliniki ya watoto), picha, daftari nililoandikia nani kaota jino lini, vyote vilibaki ndani. Tulipona sote, kwa hiyo niliona aibu kulilia makaratasi.

Sasa kuna huyu wa mwisho, miaka 2, aliyezaliwa baada ya volkano. Simu yangu imejaa yeye: anakaa, anatambaa, kajipaka uji usoni. Juzi dada yake wa miaka 14 alikuwa anazipitia hizo picha, akaniuliza, "Mama, mimi nilitembea lini?" Sikuwa na jibu. Wa katikati, miaka 9, nina jambo lake moja tu: jino lake la kwanza liling'oka tukiwa tumekimbilia mji wa Sake. Nataka kila mmoja awe na daftari lake. Nikadirie tu tarehe? Na kwa msichana, mambo ya kuvunja ungo huandikwa au huachwa?

Papa_Virunga
Usikadirie mama, watu wa Goma tuna tarehe nyingi kichwani kuliko tunavyodhani. Binti alizaliwa 2010, sivyo? Siku ya uchaguzi, 28 Novemba 2011, ulisimama kwenye foleni umembeba mgongoni au ulimwacha kwa mtu? Waasi wa M23 walipoingia mjini mara ya kwanza, Novemba 2012, alikuwa anasema nini? Shule zilipofungwa kwa korona, Machi 2020, huyo wa pili alikuwa maternele (chekechea)? Kaa na mumeo na bibi yao jioni moja, mtaje matukio tu. Mimi mwezi aliotembea mkubwa wangu niliupata hivyo, ingawa mke wangu anabisha hadi leo.

Muuguzi_Himbi
Papa yuko sawa. Mimi naongeza chanjo. Ya surua hudungwa akifikisha miezi 9, pamoja na ya homa ya manjano, na kilio cha siku hiyo mama hakisahau. Jiulize alikuwa anakaa tu, anatambaa, au anasimama kwa kushika kitenge chako.

Kisha pima kumbukumbu yako. Kwa vipimo vya OMS (Shirika la Afya Duniani), watoto wenye afya hukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9 hivi, na hutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Wengine hawatambai kabisa, wanasimama tu na kwenda. Kwa hiyo bibi akikuambia alitembea na miezi 5, mcheke kwa heshima. (Na anayepita miezi 18 hajatembea, mleteni kituoni tumwone.)

Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na miaka 6. Tafuta picha ya darasa la mwaka wa kwanza wa primeri kwa wazazi wenzako, pengo la mbele litakuonyesha.

Mama_wa_Watatu
Jamani! Uchaguzi! Nilimwacha kwa jirani, akanifuata kwa miguu yake hadi barabarani, watu wakacheka. Alizaliwa Oktoba, basi alikuwa na miezi 13 na tayari anatembea. Aksanti sana.

Yaya_Katindo
Msiishie kwenye meno na miguu. Miaka ya katikati watu huiruka, na ndiyo yenye utamu. Siku ya kwanza kutumwa dukani peke yake na kurudisha chenji kamili. Bidoni (dumu) ya kwanza ya maji aliyoifikisha nyumbani bila kumwaga nusu. Chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) ya kwanza aliyojitengenezea, na kovu la goti lililofuata. Wangu nakumbuka alivyosoma kibao cha duka la dawa kwa sauti, abiria wote wa pikipiki wakageuka. Kuvunja ungo andika, zamani shangazi alijua yote.

Binti_Keshero
Yaya, shangazi ndiyo, daftari linalopitishwa kwa wageni sebuleni hapana. Nina miaka 18, ningelichoma. Mpe kalamu mwenyewe aandike anachotaka.

Muuguzi_Himbi
Nakubaliana na binti. Mwambie tu aweke tarehe zake za hedhi mahali pake, zitamsaidia. Na huyo wa miaka 9, andaa mazungumzo mapema: kwa wavulana balehe huanza popote kati ya miaka 9 na 14.

Mama_wa_Watatu
Nimemuuliza binti. Amechukua kurasa zote za nyuma, ameniambia nisifungue. Sawa.

Papa_Virunga
Mkimaliza, piga picha kila ukurasa umtumie mtu asiyekaa Goma.

Mama_wa_Watatu
Dada yangu yuko Bukavu.

Papa_Virunga
Bukavu, na nyumba zinavyoungua moto kule mtaa wa Kadutu? Mtumie na mwingine Lubumbashi.