Daktari wa ngozi: mshahara wa Mbeya na wa Dar unatofautiana kweli?

Mnyaki_wa_Uyole
Wakuu habari za jioni. Mimi ni MD (daktari mwenye digrii ya kwanza) niko kituo cha afya huku Rungwe, nataka kuomba MMed (masomo ya ubingwa) ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, miaka 4. Sasa shemeji yangu wa Dar ananikatisha tamaa, eti nikirudi Mbeya na ubingwa wangu nitakufa njaa, hela ya ngozi iko Masaki kwa matajiri. Halafu kanitumia skrinshoti kwamba madaktari wa ngozi Marekani wanavuta zaidi ya dola 400,000 kwa mwaka. Nina mkopo wa bodi na watoto wawili, naomba ukweli.

bingwa_mstaafu
Dokta, serikalini hakuna mshahara wa Mbeya wala wa Dar. TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, ni moja nchi nzima, aliyeko Sumbawanga na aliyeko Dar wakiwa daraja moja basic (mshahara wa msingi) yao ni ileile. Tofauti iko nje ya salari slipu, yaani onkoli (hela ya kuitwa kazini nje ya saa za kazi) na kliniki za jioni za kulipia, na hizo zinanoga kwenye hospitali kubwa. Na ngozi onkoli ni chache, nani atakuamsha saa nane usiku kwa ajili ya chunusi 😂 wenzako wa upasuaji watakuacha mbali hapo. Hata Uingereza ni hivyohivyo, konsaltanti (daktari bingwa) wa NHS, huduma ya afya ya serikali, kule England mwaka 2024/25 alianzia pauni 105,504 mpaka 139,882 popote alipo, wa London anaongezewa pauni 2,162 tu kwa mwaka, na kodi za nyumba London mnazisikia.

dada_wa_K'ndoni
Shemeji yako hajadanganya sana ila kasema nusu. Praiveti Dar hela haipo kwenye kumwona mgonjwa, ipo kwenye lesa, pilingi (kuchubua ngozi ya juu kwa dawa), kuondoa makovu na kutibu walioungua na mkorogo, zile krimu za kujichubua. Mimi kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, jina siitaji, mkataba ulisema napata asilimia kwa kila prosija (tiba moja ya aina hiyo), kumbe wanakata kwanza hela ya mashine, umeme, dawa ya ganzi, kinachobaki ndio mnagawana, mwezi wa kwanza nikapata nauli. Soma neno "baada ya makato" kabla hujasaini.

Mnyalukolo_Og
Kamwene! Mimi ni AMO (daktari msaidizi) wa ngozi, nilisoma hapohapo Moshi, RDTC, kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo KCMC, sasa niko hospitali ya misheni huku Nyanda za Juu. Mshahara wa kawaida ila nyumba bure, na Jumamosi nina kakliniki Makambako. Wagonjwa sio shida mkuu, mwezi wa sita baridi inapasua watu miguu, shule za bweni zinaleta upele kwa mabasi, ndugu zetu wenye ualbino jua la huku juu linawaumiza. Juzi mama katoka Ludewa na krimu yake kwenye kopo la maziwa ya mtoto, haina jina, uso mweusi kama mkaa mashavuni. Shida ni kwamba wengi wanalipa kidogokidogo, mwingine analeta viazi. Hiyo ya Marekani isikuchanganye, kule miji midogo mara nyingi ndio inalipa zaidi ya New York kwa sababu hawapati watu, huku kwetu uhaba upo ila hauongezi hata mia.

Mnyaki_wa_Uyole
Asanteni sana. Kwa hiyo niache kazi niende?

bingwa_mstaafu
Usiache! Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako, upate barua, mshahara uendelee kuingia miaka yote 4.