MJADALA: Hifadhi ya sanaa ichukue fedha za kampuni ya kubeti, au ikae na njaa yake?

Mtunzarafu
Wakuu, tuseme hifadhi ina picha za Tingatinga za miaka ya mwanzo, zile za rangi ya mng'aro juu ya hadibodi, ina michoro ya karatasi, na ina kanda za rili za taarab, dansi na kaswida. Wafadhili wa Ulaya wanabana. Inakuja kampuni ya kubeti na fedha za miaka mitatu, inataka jina lake ukutani. Mkuu wa uchangishaji ajibu nini?

Mimi nasema achukue, ila kwa masharti yaliyoandikwa. Jina likae miaka 10, lisiwe la milele. Kuwe na kifungu cha kuling'oa jina kashfa ikizuka, bila kurudisha fedha. Awamu ya kwanza iingie benki kabla kibao hakijapigwa msumari. Na mtoaji asiwe na kauli juu ya kipi kinahifadhiwa na kipi kinaachwa. Kanda ya asetati, ile plastiki ya zamani, ikianza kunuka siki ndiyo inakufa hiyo, haingoji semina ya maadili. Na kama bodi inaogopa, mpeni mchangishaji asilimia 10 ya anacholeta, muone fedha safi zitakavyopatikana.

BintiMakunduchi
Hivi kaswida na maulidi yahifadhiwe kwa fedha za kamari, na hakuna anayeona tatizo? Kaka, familia zilizoleta kanda zile nyingi zimeziweka kwa mkataba wa amana, hazikuuza. Mwenye amana anaweza kuandika barua ya kuitaka. Aliyetoa kanda ni mfadhili kabla ya aliyetoa hundi. Siku kibao kinapigwa picha gazetini, familia tatu zikichukua chao, mtakuwa mmehifadhi nini?

MzeeKigamboni
Wazungu wenyewe walishatapika. Jumba la sanaa la Tate, London, liliwafukuza BP baada ya ile kashfa ya vidonge vya maumivu.

Kipimajoto
Mzee wangu, shikamoo, lakini hizo ni habari mbili. BP ni mafuta, udhamini wake Tate uliisha 2017. Vidonge, vile vya maumivu vilivyoleta uraibu, ni biashara ya familia ya Sackler. Tate ilitangaza Machi 2019 kwamba haitatafuta wala kupokea fedha zao tena, na jina likabaki ukutani hadi 2022. Makumbusho ya Louvre, Paris, ililiondoa Julai 2019, ya Met, New York, Desemba 2021. Kukataa hundi mpya ni kikao kimoja cha bodi, kufuta jina lililokwisha bandikwa ni kazi ya miaka. Kifungu cha Mtunzarafu hapo juu kina maana.

Lililonikera ni hiyo ASILIMIA 10 aliyoitupia mwishoni kama chumvi. Nani alimfundisha? Mchangishaji wa asilimia hukimbilia hundi kubwa yenye masharti mabaya, huiacha ndogo ya kila mwaka inayolipa bili. Halafu wafadhili wengi hawakubali fedha zao zilipe kamisheni. Mkaguzi anaikata hiyo, na hifadhi ndiyo inayorudisha. Kanuni za maadili za chama cha wachangishaji cha Marekani, AFP, zinakataza kabisa malipo ya asilimia.

DalaliMsomi
Mmeanza. Galari inachukua asilimia 40, hata 50, mnaiita soko la sanaa. Dalali wa nyumba anachukua kodi ya mwezi mzima na hamlii. Mtu akitafuta fedha kwa ajili ya urithi wetu ndiyo anakuwa mwizi?

Kipimajoto
Galari inauza. Mnunuzi anajua bei ina mkono wa galari ndani yake. Anayetoa msaada anaamini shilingi yake inakwenda kwenye kanda. Na nipigie hesabu hii: msanii mzee ameleta makasha sita ya michoro, hakuleta fedha. Asilimia 10 ya hapo ni makasha mangapi? Mwingine ameandika wasia, fedha zitakuja akifa. Kamisheni unailipa leo au unamwombea mtu mauti?

DalaliMsomi
Matusi hayo sasa. Nani kaombea mtu mauti?

KandaZaKale
Mnagombania asilimia ya fedha ambayo mfadhili hajaambiwa inanunua nini. Saa moja ya sauti ya stereo kwa 96 kHz na biti 24, ubora wa kuhifadhi, ni takriban GB 2. Nakala tatu, mojawapo nje ya jengo, ni GB 6. Kanda haiharakishwi, saa moja inachezwa saa moja, na kabla yake kuna kukagua, kusafisha, baada yake kuandika nani anaimba na lini. Weka saa tatu za mtu kwa kila saa ya sauti ndipo uongee bajeti. Kanda ya poliesta inayonata huokwa kwenye joto la nyuzi kama 50 kwa saa 8 au zaidi ili ichezeke. Ya asetati USIIOKE, utaiua. Maombi mengi yanaandika "kanda 1,000 kuingizwa kwenye dijitali", yanaweka bei ya mashine na diski, hayaweki mtu wa maelezo. Mradi unaisha, diski zinalala kwenye droo na hakuna ajuaye kilichomo.

DalaliMsomi
Hayo yote mpe mtu wa asilimia, atayauza vizuri kuliko wewe.

Nyali001
Niko Mombasa, naona mnaogopa aibu wakati hatari ya fedha za kubeti ni bomba kufungwa. Kenya kodi ya asilimia 35 kwa kampuni za kubeti ilipoanza Januari 2018, SportPesa, mojawapo ya kampuni hizo, ilisitisha udhamini wa michezo nchini. Klabu zilizokuwa zikilipa mishahara kwa fedha ile zilibaki mikono mitupu. Ukichukua, nunua vya mara moja: rafu za chuma, skana, mashine ya rili na vipuri vyake. Usilipie mlinzi wala umeme.

Mtunzarafu
Umeme ndiyo penyewe! Mashine ya kukausha hewa inawaka usiku na mchana, ikizimwa masika mbili hadibodi inapinda na rangi inabanduka. Nani analipa LUKU? Ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu gharama za uendeshaji zisizozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Na awamu ya mwisho huwa inalipwa baada ya ripoti kukubaliwa, kwa hiyo kazi unaifanya kwa fedha ambayo huna. Bajeti ya shilingi, ahadi ya euro, euro ikishuka hapo katikati unakata kanda ngapi? Tanzania, kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba wa msaada unaozidi milioni 20 upelekwe kwa Msajili. Panga wiki hizo kwenye kalenda la sivyo mfadhili anakuona mzembe.

BintiMakunduchi
Naona kila mtu ana bajeti. Mwenye kaswida akija kuomba kanda yake, mnamjibu nini?

MzeeKigamboni
Marahaba Kipimajoto. Kwa hiyo mchangishaji alipweje?

Kipimajoto
Mshahara, Mzee. Na bonasi isiyofungwa kwenye kiasi: wafadhili wangapi wamerudi mwaka wa pili, ripoti ngapi zimefika kabla ya tarehe, shukrani ngapi zimetoka ndani ya saa 48. Na asimwendee mtu kuomba tena kabla hajamwonyesha fedha ya kwanza ilifanya nini.

DalaliMsomi
Mshahara huo unatoka kwenye ile asilimia 7?

Kipimajoto
Unatoka kwa wachangiaji wadogo wasioweka masharti.

DalaliMsomi
Ambao atawatafuta nani, kabla hajalipwa?