Panya wa darini katika nyumba ya kupanga yenye mtoto anayetambaa: tuanzie wapi?

Mpangaji wa Buguruni ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi na mke wangu na mtoto wetu aliyeanza kutambaa katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, hapa Buguruni, Dar es Salaam, na wapangaji wote tunatumia ua mmoja na jiko moja la nje. Kila usiku taa zikishazimwa, panya hukimbizana darini kwa kishindo, na asubuhi tunakuta gunia la mchele limetobolewa, sabuni imetafunwa, na vinyesi vyeusi vyenye ncha vimetapakaa juu ya kabati. Dari ni ya jipsamu, paa ni la bati, na mtu akisimama uani mchana anaona wazi mwanya uliopo kati ya ukuta na bati.

Jirani wa chumba cha mbele alinunua sumu kwa mmachinga anayepita na kipaza sauti, akaiweka darini bila kutuarifu. Panya kadhaa walikufa, mmoja wao akaozea juu ya chumba chetu kiasi kwamba tulilazimika kuhamishia godoro sebuleni kwa jirani, na paka aliyezoea kuzurura uani akakutwa amekufa karibu na jaa la taka. Haukupita muda mrefu kishindo kikarudi vilevile.

Ningependa kujua kama kweli ipo sumu inayomfanya panya akafie nje, kama wauzaji wanavyonadi, na kama gundi au vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vina msaada wowote. Wengine wananishauri nifuge paka, basi. Mwenye nyumba anasema panya huletwa na uchafu wa wapangaji, kwa hiyo naomba ushauri ambao hautegemei msaada wake.

Fundi wa Kenchi amejibu:

Mleta mada, maelezo yako yanatosha kumtambua mgeni wako. Vinyesi vyembamba vyenye ncha na urefu wa sentimita moja hivi, pamoja na mbio za darini, ni dalili za panya mweusi wa nyumbani, ambaye wataalamu humwita *Rattus rattus*, ingawa mara nyingi rangi yake ni ya kahawia. Huyu ni mpandaji hodari wa kuta, nyaya na matawi. Angekuwa yule panya mdogo wa kabatini, vinyesi vyake vingekuwa vidogo kuliko punje ya mchele; na angekuwa panya buku, ungeona mashimo makubwa kando ya msingi na kwenye mtaro, si kelele za juu. Ninaanza na jambo hili kwa sababu nimeona watu wengi wakitega mitego sakafuni, chini ya kitanda, huku panya wenyewe wanaishi na kutembea juu ya kenchi.

Mwanya unaouona kati ya ukuta na bati ndio mlango wao. Panya wa aina hiyo hupita katika tundu la sentimita mbili tu, na yule mdogo hupita kwenye upenyo wa milimita sita, ambao ni mwembamba kuliko penseli. Sisi mafundi tukishapiga kenchi na kuezeka, mara nyingi tunaiacha sehemu ya juu ya ukuta bila kuizibia, na hata pale fisha bodi, yaani ule ubao wa ukingoni mwa paa, inapopigwa, migongo ya bati huacha matundu mfululizo kuizunguka nyumba nzima. Sumu ya jirani yako iliwaua wakazi, lakini nyumba ikabaki wazi na mchele ukabaki kwenye gunia, kwa hiyo wengine wakahamia. Kumbuka pia kwamba panya jike hubeba mimba kwa majuma matatu tu, huzaa watoto sita, wanane au zaidi kwa mkupuo, na watoto hao nao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Anayeua panya mmoja mmoja bila kuziba chochote anawapunguzia tu waliobaki msongamano.

Hata hivyo, usikimbilie kuziba kila kitu siku ya kwanza, kwa maana utawafungia ndani, nao watatoboa jipsamu kutafuta njia au watafia humo, jambo ambalo pua yako imeshalijua. Nyunyiza unga au majivu jioni juu ya ukuta na kwenye mbao za kenchi unazoweza kuzifikia. Asubuhi nyayo zitakuonyesha njia wanazozitumia. Ziba matundu yote yasiyo na nyayo, acha zile njia kuu mbili au tatu, na hapo ndipo uweke mitego.

Mtego mzuri kwa nyumba yenye mtoto ni ule wa kufyatuka, lakini uwe darini au juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Ufunge kwa waya kwenye ubao ili panya aliyenaswa mguu asiondoke nao. Uweke ukiukingama ukuta, sehemu ya chambo ikigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiwa ameegemea ukuta na hapendi kukatiza uwanja. Jambo ambalo watu hawalivumilii ni hili: panya wa darini huogopa kitu chochote kipya katika njia yake, hata kama kina harufu nzuri. Weka mitego yenye chambo bila kuitega kwa siku kadhaa, waachie wale kwa raha zao, na ukiona chambo kinaliwa kila usiku, itege yote kwa mara moja. Mitego minane kwa usiku mmoja itakupa zaidi kuliko mtego mmoja kwa usiku minane, maana wakishaona mwenzao amenaswa na kunusurika, waliobaki huwa wagumu. Kwa chambo, dagaa wa kukaanga, nazi iliyochomwa au siagi ya karanga hufanya kazi vizuri kuliko mkate, hasa kikifungwa kwa uzi ili asikinyakue na kukimbia.

Darini pakishakuwa kimya na unga ukikaa usiku kadhaa bila nyayo, ziba zile njia zilizobaki. Hapa naomba usitumie matambara, karatasi wala lile povu la kupuliza, kwa kuwa meno ya panya hayaachi kukua na kutafuna ndiyo kazi yake. Matundu ya ukutani, hasa pale bomba na nyaya zinapopitia, yashindilie stiliwaya ya kusugulia masufuria kisha upige saruji juu yake. Mwanya mrefu wa chini ya bati usiuzibe wote kwa saruji, kwa sababu dari isiyopitisha hewa katika joto la Dar es Salaam itakugeuzia chumba kuwa tanuri. Funga wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita sita. Wavu wa banda la kuku hautoshi. Na kama kuna mwembe au mti wowote unaogusa bati, punguza matawi yake hadi yawe mbali na paa zaidi ya mita moja.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Nampongeza fundi kwa maelezo yake, nami nitajikita kwenye sumu, kwa kuwa umetaja mtoto anayetambaa.

Hakuna sumu inayomwamuru panya akafie nje. Dawa nyingi zinazouzwa zikiwa katika vipande vyekundu au vya bluu huzuia damu kuganda, na panya hufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili baada ya siku tatu hadi wiki moja hivi. Katika siku hizo hurudi kwenye kiota chake kama kawaida, nacho kiota kiko juu ya dari yenu. Madai kwamba atatafuta maji na kwenda kufia mtaroni ni maneno ya biashara. Baadhi ya dawa hizo hukaa katika ini la panya kwa muda mrefu, na paka, mbwa au bundi anayemla hudhurika pia, jambo ambalo huenda ndilo lililomkuta paka wa uani kwenu. Aina nyingine ni ule unga wa kijivu unaokaribia weusi, wenye harufu kama ya kitunguu saumu, ambao ni fosfidi ya zinki. Ukikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya sumu, na hauna dawa mahususi ya kuupinga.

Kwa hiyo, katika nyumba yenye mtoto, mimi siwezi kushauri sumu isiyo na lebo hata kidogo. Kiuatilifu halali nchini Tanzania kinapaswa kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kikiwa na jina la kiambato chake kwenye kifungashio. Siyo urasimu huo: mtoto akimeza, daktari anahitaji kujua ni nini. Ikiwa ni ile inayozuia damu kuganda, ipo tiba ya vitamini K, ila dalili zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, hivyo mtoto anayecheza vizuri leo si ushahidi kwamba yuko salama. Msimtapishe, na msipoteze muda kumnywesha maziwa kama wengi wanavyofanya. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na pakiti.

Naftalini darini nayo iacheni. Panya huzizoea, lakini mvuke wake unaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo si nadra kwa watu wa pwani yetu.

Mwisho, vinyesi msivifagie vikavu. Fungueni madirisha, mwagieni maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, subirini dakika tano, kisha mfute kwa kitambaa mkiwa mmevaa glavu. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda. Julai 2022 Wizara ya Afya ilithibitisha ugonjwa huo Ruangwa, mkoani Lindi, ambako watu 20 waliugua na watatu wakafariki. Na kama siku moja mtaona panya wanakufa wenyewe bila mtu kuweka sumu, msiwaguse kwa mikono, bali mtoe taarifa kwa afisa afya, kwa kuwa hivyo ndivyo tauni ilivyojitambulisha mara nyingi, ikiwemo kule Lushoto tangu 1980.

Mkaazi wa Mji wa Kale amejibu:

Naandika kutoka Mombasa, ambako nyumba zetu za mawe na boriti zimeshikana kuta, na panya akifukuzwa kwa mmoja huhamia kwa mwenzake. Sikubaliani na wanaodharau paka. Kwetu paka ni wengi kuliko watu, na vyumba vyenye paka havina panya wadogo kabisa.

Fundi wa Kenchi amejibu:

Bwana wa Mombasa, kwa panya wadogo nakubali. Lakini panya mkubwa wa darini paka wengi humtazama tu, tena paka hafiki ndani ya dari ya jipsamu. Utafiti uliofanywa katika kaya za vijijini nchini Eswatini na kuchapishwa 2017 ulionyesha kuwa panya walipunguza kula chakula kilichowekwa pale ambapo paka na mbwa walikuwepo pamoja, lakini si pale alipokuwepo mmoja wao peke yake. Paka afugwe, ila apewe kazi ya uani na jikoni. Kuhusu vifaa vya soketi, sauti ile haipenyi ukuta wala dari, na panya huizoea upesi. Fedha hiyo inunue wavu. Gundi hunasa panya wadogo, lakini inamtesa mnyama kwa saa nyingi, na kwa mtoto anayetambaa ni balaa jingine.

Mpangaji wa Buguruni ameandika:

Nawashukuru sana. Nimewasomea majirani, nao wako tayari, isipokuwa wa chumba cha mbele anayesema chumba chake hakina panya siku hizi, kwa hiyo hatachangia. Je, tukifanya vyumba vitano na kumwacha yeye, kazi itakuwa na maana? Na chakula tukihifadhi vipi, maana ndoo za plastiki zimeshatafunwa mifuniko?

Fundi wa Kenchi amejibu:

Panda juu uangalie kama kuta za vyumba zinafika kwenye bati. Katika nyumba nyingi za aina hiyo hazifiki. Zinaishia usawa wa dari, na juu yake ni uwazi mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Kama ni hivyo, chumba cha jirani yako hakina dari yake peke yake, na mkimwacha mtakuwa mmefunga madirisha matano na kuacha mlango wazi. Mwalikeni apande mwenyewe na tochi. Akikuta kiota juu ya kitanda chake, mazungumzo yatakuwa mafupi. Akikataa hata hivyo, zibeni upande wake wa nje kwa gharama zenu, kwa kuwa mita chache za wavu ni nafuu kuliko gunia la mchele. Risiti zote mtunzeni, na kabla ya kuanza kazi mwandikieni mwenye nyumba mkiomba gharama zikatwe katika kodi, kwani wapo wanaokataa kwa mdomo na kukubali wakionyeshwa hesabu.

Kuhusu chakula, tumieni pipa la bati au debe lenye mfuniko unaobana, na liwekwe juu ya tofali ili muone chini yake. Ile mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa ni mizuri kwa dumuzi na fukusi, lakini panya huitoboa, na ikitobolewa hata faida ya kuua wadudu hupotea, kwa hiyo nayo iingie ndani ya pipa. Masufuria yaoshwe usiku uleule, pumba za kuku zisilale bandani, na jaa lisogezwe mbali na ukuta wa jiko. Hapo mwenye nyumba anayesema habari za uchafu ana hoja kidogo, ingawa mwanya wa chini ya bati ni wake.