Uyoga mweupe kwenye nyasi za bustani na wa kahawia kwenye kisiki: nautambuaje?

Mtunzabustani

Habari zenu wapendwa. Tangu mvua zianze, nyasi za bustani yangu zimechipuka uyoga mkubwa mweupe, nao umejipanga katika mduara usiokamilika. Kofia ikifunguka kabisa inakuwa pana kama sahani, ina magamba ya kahawia yaliyosongamana katikati, na shina limevaa pete ambayo naweza kuisogeza juu na chini kwa vidole. Msituni nyuma ya nyumba kuna mwingine mdogo, wa rangi ya asali, uliojaa kwenye kisiki kilichooza. Jirani yangu anasema huu wa bustanini unalika, kwa kuwa konokono wanautafuna na kijiko cha fedha hakikubadilika rangi alipouchemsha nacho. Mimi sina haja ya kuula, ila watoto hucheza hapo, hivyo nataka kuujua kwa uhakika. Nimepiga picha kadhaa kutoka juu. Je, zinatosha?

Nyuzi za Ardhini

Hazitoshi, ndugu, na sababu ni kwamba ukiutazama uyoga kutoka juu huoni sehemu zinazoutambulisha. Chukua kisu, ukite kwenye udongo pembeni mwa shina, kisha uuinue mzima mzima pamoja na kitako chake. Usiung'oe kwa kuuvuta, kwa maana uyoga hatari kuliko wote, Amanita phalloides, huwa na kifuko cheupe kinachozunguka kitako cha shina, na kifuko hicho mara nyingi hubaki ardhini mtu anapouvuta au kuukata juu juu. Aliyeuchuma hivyo hubaki na kofia ya kijani hafifu au ya manjano iliyopauka, pamoja na pete nyororo shinani, na hana tena ile alama ambayo ingemwonya.

Ukishautoa, ugeuze uangalie vibamba vyembamba vilivyo chini ya kofia. Je, vimeshikamana na shina au vimeachana nalo? Vina rangi gani kwenye uyoga mchanga, na rangi gani kwenye uliokomaa? Jamii ya Agaricus, ambayo ndani yake umo uyoga wa kawaida unaouzwa madukani, vibamba vyake huanza na rangi ya waridi na kuishia kahawia iliyokolea, wakati vya Amanita phalloides hubaki vyeupe. Hata hivyo, si Agaricus wote walio salama: Agaricus xanthodermus ukikwaruzwa kwenye kitako hugeuka manjano angavu papo hapo na kutoa harufu ya wino au dawa ya hospitali, na huwachafua tumbo watu wengi wanaoula.

Chipukizi ambalo bado ni la mviringo lipasue katikati kutoka juu hadi chini. Ukiona ndani umbo la kofia na vibamba limechorwa tayari, basi si ule uyoga wa mpira ambao nyama yake ni nyeupe tupu. Andika pia miti iliyo karibu, kwa sababu Amanita wengi huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti kama mialoni na misonobari, na uyoga uliosimama mita kadhaa kutoka kwenye shina la mti unaweza kuwa umeungana nao chini ya ardhi.

Mpimaji

Naomba niseme jambo kuhusu vipimo vya jirani, kwa sababu vimewaua watu. Konokono na wadudu hula bila kudhurika uyoga ambao unaharibu ini la binadamu, kwa hiyo alama za meno yao hazithibitishi chochote. Fedha nayo haina habari na sumu hizi. Amatoksini, yaani sumu zilizomo katika Amanita phalloides, haziondolewi kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha.

Kinachonitia hofu zaidi ni namna sumu hiyo inavyochelewa. Mlaji hukaa saa 6 hadi 12, wakati mwingine hata zaidi, bila kuhisi lolote. Kisha hutapika na kuharisha vikali, halafu hupata nafuu ya siku moja au zaidi inayomfanya aamini amepona, ilhali ini linaendelea kuharibika. Hivyo mtoto akionekana ametia uyoga mdomoni na kumeza, msisubiri dalili. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga, yakiwa yamefungwa kwenye karatasi, kwa kuwa ndani ya mfuko wa plastiki huoza haraka. Kuugusa tu hakumdhuru mtu. Sumu hizi hudhuru zikimezwa, na kunawa mikono kunatosha.

Wala hoja ya kwamba watu wamekuwa wakiula siku zote haitoshi. Mtaalamu wa uyoga wa Ujerumani, Julius Schäffer, alifariki mwaka 1944 baada ya kula Paxillus involutus, uyoga ambao wakati ule ulihesabiwa kuwa unalika ukipikwa vizuri.

Nyuzi za Ardhini

Mtunzabustani, kabla hatujautaja kwa jina, chukua chapa ya spora, yaani ya vumbi laini ambalo uyoga huzaliana kwalo. Kata shina la uyoga uliofunguka, laza kofia kwenye karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi, vibamba vikitazama chini, ifunike kwa bakuli na uiache usiku kucha. Vumbi litakaloanguka ndilo litakalokupa rangi ya kweli, kwa kuwa rangi ya vibamba inaweza kukupotosha. Fanya hivyo kwa uyoga wa kisiki pia, kwenye karatasi yake yenyewe.

Mtunzabustani

Ahsanteni sana. Chapa ya uyoga wa bustani imetoka kijani kilichochanganyika na kijivu, na inaonekana wazi kabisa kwenye upande mweupe. Vibamba vya ule mchanga ni vyeupe, ila vya ule mkubwa kuliko wote vimeanza kuwa na ukijani. Kitako cha shina kimevimba kidogo lakini hakina kifuko. Uyoga wa kisiki umetoa vumbi la kahawia yenye rangi ya kutu.

Nyuzi za Ardhini

Chapa ya kijani, pete inayosogea, magamba katikati ya kofia na mduara kwenye nyasi: vyote pamoja vinaelekeza kwa Chlorophyllum molybdites. Ni uyoga wenye sumu, na aghalabu huleta kutapika na kuharisha vikali ndani ya saa 1 hadi 3. Huwapata watu kwa sababu ukiwa mchanga, vibamba vyake vikiwa bado vyeupe, hufanana mno na jamaa zake wanaolika. Mduara unatokana na nyuzi zake za chini ya ardhi zinazotanuka kuelekea nje, kwa hiyo kuung'oa hakuumalizi. Hata hivyo, uondoeni kila asubuhi kabla watoto hawajatoka, kwa maana hujitokeza upya haraka baada ya mvua.

Kuhusu wa kisiki, hiyo rangi ya kutu inanifanya niutilie shaka kubwa. Galerina marginata huota kwenye mbao zilizooza, ni mdogo, una rangi ya asali, hutoa spora za rangi hiyo ya kutu, na una amatoksini zilezile alizozieleza Mpimaji. Uyoga wa jamii ya Armillaria, ambao watu huuchanganya nao kwenye visiki, hutoa chapa nyeupe. Tafadhali uangalie kama kuna pete nyembamba katikati au juu ya shina, utuletee picha ya shina zima na ya upande wa chini wa kofia, na kwa sasa uwazuie watoto wasikifikie kisiki hicho.