UZI: Komiki za mashujaa – mgeni aanze na kipi, na aliyeacha zamani arudie wapi? Tupeane uzoefu

Mla Kurasa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Kila filamu mpya ya mashujaa ikitoka, maswali huwa yaleyale mawili: "nianzie toleo gani?" na "niliacha kitambo, nirudie wapi?" Tuyajibu hapa kwa pamoja. Sharti ni moja tu: ukipendekeza kitu, taja mwandishi, mchoraji, mwaka na idadi ya matoleo. Jina la shujaa peke yake halitoshi. Ukimwambia mtu "soma Spider-Man" umemtupa porini, kwa sababu mifululizo yenye jina hilo ni mingi na kila mmoja una toleo lake la 1.

Hapo ndipo wageni wengi wanapokwama. Toleo la 1 huuzika kuliko toleo la 47, kwa hiyo kampuni (kubwa ni mbili, Marvel na DC) hurudisha hesabu mwanzo kila baada ya miaka michache, mara nyingi akiingia mwandishi mpya. The Amazing Spider-Man ilianza 1963, ikahesabiwa upya 1999, 2014, 2015, 2018, 2022 na 2025. Lile toleo la 1 la 2018 lina herufi ndogo jaladani: LGY 802. Maana yake ni la 802 ukihesabu tangu mwanzo kabisa. Usiogope namba hiyo, haikudai usome matoleo 801 yaliyotangulia. Waandishi hubadilishana zamu, na kila zamu ina mlango wake wa kuingilia. Kazi yetu hapa ni kuonyesha milango.

Kabati la Juzuu

Kabla ya majina, tuweke sawa aina za vitabu, maana pesa nyingi hupotelea hapo.

Toleo moja moja lina kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Ni dakika kumi na tano za kusoma, halafu unasubiri mwezi. Mgeni asianzie huko. Anunue mkusanyo wa jalada laini, ambao kwa kawaida una matoleo matano au sita, yaani sura nzima ya hadithi. Yale matofali yanayoandikwa Omnibus hupita kurasa 600, mengine hufika 1000 na zaidi. Yanapendeza kwenye rafu, ila huwezi kuyasoma ukiwa umelala, na ukiagiza kutoka nje, nauli ya mzigo inaweza kukaribia bei ya kitabu. Jingine: kwenye kitabu kinene, mchoro uliochukua kurasa mbili humezwa katikati pale karatasi zinapokutana.

Mitego miwili ya majina. Vitabu vya Marvel vya Epic Collection vina namba mgongoni, lakini namba hiyo inaonyesha nafasi ya kitabu katika historia ya shujaa, siyo mpangilio wa kuchapwa. Ukikuta kuna cha 17 lakini cha 16 hakipo, hujaibiwa, bado hakijachapwa au kimeisha. Wa pili ni neno Absolute kwa upande wa DC. Kwa miaka mingi lilikuwa jina la vitabu vya anasa, vikubwa, vyenye kasha lake. Tangu Oktoba 2024 pia ni jina la ulimwengu mpya wa hadithi. Kwa hiyo Absolute Batman: The Long Halloween na Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta havihusiani kabisa. Soma jina la mwandishi kabla ya kubonyeza "nunua".

Kwa bajeti ndogo: DC Compact Comics, zilizoanza 2024. Zina ukubwa wa riwaya ya kawaida, na zilitoka kwa dola 9.99 kwa hadithi kamili. All-Star Superman (Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12) imo, na hiyo ndiyo jibu langu kwa yeyote anayesema Superman anachosha. Ukurasa wa kwanza unamaliza asili yake yote kwa picha nne na maneno manane, kisha hadithi inaendelea na mambo yake. Kasoro ya Compact ni maandishi kuwa madogo. Mwenye macho mazito achukue saizi ya kawaida.

Shangazi wa Gotham

Batman nitamsemea mimi.

Cha kwanza ni Batman: Year One, ya Frank Miller na David Mazzucchelli, 1987, matoleo manne tu (Batman 404 hadi 407). Inamfaa mgeni kwa sababu haidai ujue chochote, na Batman mwenyewe bado hajui kazi. Usiku wake wa kwanza mtaani anatoka bila vazi, anachomwa kisu, anapigwa risasi na polisi, anarudi nyumbani akivuja damu. Na nusu ya kitabu ni ya Gordon, polisi aliyehamia kwenye jiji lililooza. Tazama visanduku vya mawazo: vya Bruce (jina halisi la Batman) vina mwandiko wake na vya Gordon vina wake, hivyo hata bila kutajwa jina unajua nani anaongea. Ukishauzoea mchezo huo, umejifunza nusu ya kusoma komiki.

Baada ya hapo, The Long Halloween (Jeph Loeb na Tim Sale, 1996 hadi 1997, matoleo 13), ambayo inaendeleza familia zilezile za majambazi. Kisha The Court of Owls ya Scott Snyder na Greg Capullo, iliyoanza 2011.

Msimpe mgeni The Dark Knight Returns kwanza. Najua kila orodha mtandaoni inaiweka juu. Ile ni hadithi ya mzee aliyestaafu anayerudi kazini. Uzito wake wote unatokana na wewe kumjua alivyokuwa kijana. Ni ya tano au ya sita, si ya kwanza. Watchmen nayo vivyo hivyo: inabomoa kanuni za hadithi za mashujaa, na msomaji asiyezijua kanuni hataona kilichobomolewa.

Toleo la Jumatano

Shangazi, kwa heshima zote, Year One kwa kijana wa miaka 17 leo? Rangi zimepoa, maneno mengi, mapigano machache. Mimi nampa Absolute Batman moja kwa moja. Bruce hana utajiri, ni mhandisi, mama yake yu hai, na shoka limo kwenye nembo ya kifuani. Hakuna historia ya kufukuzia maana dunia yenyewe ni mpya. Angalizo: damu ni nyingi, si ya mtoto.

Shangazi wa Gotham

Sawa kwa huyo wa miaka 17. Lakini nusu ya utamu wa kusikia Bruce ni maskini na mama yake yu hai ni kujua kwamba kwa kawaida ni tajiri na yatima. Kwa bahati nzuri filamu zimeshamfundisha hilo, kwa hiyo sikupingi sana.

Uzi wa Buibui

Spider-Man ana mtego mkubwa kuliko wote: kuna Ultimate Spider-Man mbili.

Ya kwanza ilianza mwaka 2000, ya Brian Michael Bendis na Mark Bagley, waliokaa pamoja matoleo 111. Peter (Spider-Man mwenyewe) ana miaka 15, kila kitu kinaanza upya. Juzuu ya kwanza ndiyo mlango rahisi kuliko yote ya Marvel, ingawa inakwenda polepole: kisa kilichochukua kurasa 11 mwaka 1962 hapa kinachukua matoleo kadhaa. Ulimwengu huohuo ndio uliomzaa Miles Morales, Spider-Man mwingine, mwaka 2011. Mwenye kumfuata Miles atafute jina lake jaladani.

Ya pili ilianza Januari 2024, ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Humo Peter ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, ndipo anapata nguvu. Inamfaa aliyekua na Peter na sasa mwenyewe ana ada za shule za kulipa.

Ukiagiza "Ultimate Spider-Man juzuu ya 1" bila kutaja mwandishi, ni bahati nasibu.

Mla Kurasa

Na wanaorudi je? Kuna mtu kaniuliza faraghani, aliacha enzi za kifo cha Superman.

Kabati la Juzuu

Muulize aliacha mwaka gani, jibu linatoka hapohapo.

Aliyeacha miaka ya 90: Superman alikufa toleo la 75, mwishoni mwa 1992. Akitaka kuanzia pale alipoishia, ajue kwamba Superman alikuwa na majarida kadhaa yaliyopokezana hadithi moja. Kuanzia 1991 majalada yana pembetatu ndogo yenye mwaka na namba. Fuata namba ya pembetatu, si ya jarida. Wengi walisoma jarida moja tu wakaona hadithi inarukaruka, wakadhani mwandishi ndiye mbovu.

Aliyeacha Spider-Man kwa hasira mwaka 2007, pale ndoa ya Peter na Mary Jane ilipofutwa kwa mkataba na shetani: hasira yake ni halali. Hata hivyo kuanzia The Amazing Spider-Man toleo la 546, mwaka 2008, hadithi inaanza kwenye ukurasa safi na inasomeka bila kujua yaliyopita.

Aliyeiacha DC mwaka 2011, ilipofuta historia yake na kuanza majarida 52 kwa mpigo: arudi na Superman ya 2016, ya Peter Tomasi na Patrick Gleason. Anayemkuta humo ni yule Superman wake wa zamani, na mkewe Lois, na sasa wana mtoto wa kiume, Jon. Sioni marejeo mazuri kuliko hayo.

Kosa la wanaorudi ni kutaka kuziba pengo lote. Pengo la miaka kumi ni mamia ya matoleo, mengi ya kawaida tu. Ruka. Kisichoeleweka kwenye toleo jipya huelezwa ndani ya kurasa chache, kwa sababu mwandishi anajua wapo wasomaji wapya.

Na wasishike matukio makubwa yanayokusanya mashujaa wote. Civil War (2006 hadi 2007) ni matoleo saba, lakini matoleo ya pembeni yake ni lundo. Soma yale saba, ongeza la shujaa unayempenda, basi.

Binti wa Dhoruba

X-Men, lile kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu zao, kwa ufupi. Mgeni na anayerudi wote waingilie House of X na Powers of X, 2019, Jonathan Hickman akiandika, Pepe Larraz akichora ya kwanza na R. B. Silva ya pili. Ni matoleo sita kwa sita, na hayapishani moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Mpangilio ni: House 1, Powers 1, House 2, Powers 2, Powers 3, House 3, House 4, Powers 4, House 5, Powers 5, House 6, Powers 6. Kitabu cha pamoja kimeshapangwa hivyo. Anayesoma matoleo mojamoja kwenye simu ndiye anayepotea, na akisoma House zote kwanza anauvunja mtiririko wa hadithi, hasa baada ya House 2, ambayo ndiyo inageuza kila kitu. Zile kurasa za michoro na jedwali katikati msizipite, ni sehemu ya hadithi.

Anayetaka ya zamani aanze na Giant-Size X-Men 1 ya 1975. Storm, shujaa wa kike anayetawala hali ya hewa, anaingilia humo, na Profesa Xavier, mkuu wa kundi, anamkuta Kenya, anakoabudiwa kama mungu wa mvua. Mama yake ni Mkenya kwa mujibu wa hadithi. Utaona pia jinsi Wamarekani wa miaka ile walivyoichora Afrika Mashariki, ujiandae kucheka na kukunja uso kwa pamoja.

Toleo la Jumatano

Kwa tunaosomea simu: Marvel Unlimited unalipia kwa mwezi au mwaka, na matoleo mapya huingia takribani miezi mitatu baada ya kuchapwa. Kwa anayeanza hilo si tatizo, ana miongo ya kusoma. Pakua ukiwa kwenye waifai, kurasa ni picha nzito. Huduma ya DC haijafunguliwa kila nchi, hakikisha nchi yako imo kabla hujaweka kadi. ComiXology ya zamani, duka la komiki za kidijitali, imemezwa na Kindle, kwa hiyo msiitafute kama programu. Ndugu zetu mlioko Marekani na Kanada, kadi ya maktaba ya mtaa inaweza kukufungulia Hoopla, unaazima komiki bure na hakuna foleni.

Kwenye skrini ndogo tumia hali ya kisanduku kimoja kimoja, ila ukifika mchoro wa kurasa mbili, ulaze mlalo uuone wote.

Mla Kurasa

Swali la mwisho lililonifikia: mtoto wa miaka 10, na baba anataka mashujaa Waafrika.

Binti wa Dhoruba

Kwa mtoto huyo, ingawa mashujaa wake si Waafrika, Superman Smashes the Klan ya Gene Luen Yang na wachoraji Gurihiru, au Ms. Marvel ya 2014 ya G. Willow Wilson na Adrian Alphona, juzuu ya kwanza ina matoleo matano. Batwing ya 2011 inahusu polisi wa Kongo, David Zavimbe, lakini aliwahi kuwa mtoto askari na vichwa vinakatwa. Si ya mtoto, hata kama jalada linavutia. Black Panther ya Christopher Priest, 1998, ndiyo bora kwa baba mwenyewe, ila msimulizi, Everett Ross, anaruka mbele na nyuma makusudi. Asome toleo la kwanza mara mbili. Kwenye vitabu vya Marvel aangalie alama ya umri karibu na msimbo wa bei: T ni vijana, T+ wakubwa kidogo, na penye Parental Advisory baba asome kwanza peke yake.